Boa wa Mchangani: Somo la Rangi, Urithi na Picha

Mvua inapoanza kunyesha, barabara za vumbi kati ya Voi, Maungu na Kasigau hupata mgeni wa usiku. Ni nyoka mfupi na mnene, mwenye mabaka ya kahawia juu ya rangi ya machungwa iliyofifia, tumbo jeupe, macho madogo kama punje za mtama na mkia butu. Ukimwona gizani unaweza kudhani ana vichwa viwili. Mara nyingi hukanyagwa na gari au hupigwa jembe, kwa kuwa aliyemwona amemdhania kuwa moma.

Nyoka huyu hana sumu. Wanasayansi humwita Eryx colubrinus, na kwa Kiingereza amepewa jina la nchi yetu: boa wa mchangani wa Kenya. Katika somo hili ataitwa boa wa mchangani. Asichanganywe na chatu, yule nyoka mkubwa wa mitoni na mabwawani, ambaye hutaga mayai na anaweza kuzidi mita nne.

Jambo ambalo wakazi wengi hawalijui ni kwamba nyoka huyu ni maarufu sana ng'ambo. Marekani na Ulaya hufugwa ndani ya nyumba kama wengine wanavyofuga samaki au kasuku, na wafugaji wamepata kutoka kwake rangi ambazo ni nadra kabisa kuonekana porini: wapo wa machungwa na weupe wenye macho mekundu, wapo wa kijivu na weusi bila chembe ya machungwa, na wapo weupe wanaokaribia rangi ya maziwa. Picha zao husambaa katika simu zikiwa na bei kwa dola. Ndipo maswali yanapoanza, hasa kwa vijana: je, nyoka wa kwetu akikamatwa hawezi kuuzwa vivyo hivyo? Jibu ni hapana, na sheria ni sababu moja tu. Sababu nyingine iko katika namna rangi hizo zinavyopatikana, na inafaa ianze hiyo.

Rangi inatoka wapi

Ngozi ya nyoka ina seli za aina kadhaa zinazobeba rangi. Zipo zinazobeba rangi nyeusi na kahawia, iitwayo melanini. Zipo zinazobeba njano na nyekundu. Zipo nyingine zisizo na rangi yoyote bali hurudisha mwanga, na ndizo zinazowapa baadhi ya nyoka ule mng'ao wa mafuta juu ya maji. Rangi tunayoiona ni jumla ya tabaka hizo. Boa wa mchangani wa kawaida ana machungwa chini ya mabaka meusi ya kahawia. Ukiondoa nyeusi, hubaki machungwa na weupe. Ukiondoa machungwa, hubaki nyeusi na kijivu. Ukiondoa vyote viwili, hubaki nyoka mweupe, ambaye wafugaji humwita theluji.

Kinachoondoa rangi ni hitilafu ndogo katika jeni, yaani maagizo ya urithi ambayo kila kiumbe hupokea nakala moja kutoka kwa baba na nakala moja kutoka kwa mama. Hitilafu hiyo haiambukizwi, haitokani na chakula wala na udongo anamoishi nyoka.

Aliyelionyesha jambo hili kwa nyoka alikuwa daktari wa ngozi wa Marekani, H. Bernard Bechtel. Mwaka 1953 katika jimbo la North Carolina alikamatwa nyoka dume wa mahindi, aina ya nyoka asiye na sumu wa nchi hiyo, aliyezaliwa bila rangi nyeusi. Badala ya kumweka tu kama kioja, Bechtel alimzalisha na majike wa rangi ya kawaida. Watoto wote walitoka wa kawaida. Mtu asiye na subira angeishia hapo. Yeye aliwazalisha hao watoto, na katika kizazi kilichofuata wakatokea tena nyoka wasio na weusi. Mwaka 1962 yeye na mkewe Elizabeth walichapisha matokeo hayo: ualbino wa nyoka wa mahindi hufuata kanuni zilezile ambazo mtawa Gregor Mendel alizigundua kwa njegere karibu karne moja kabla yao. Kazi hiyo ndiyo mama wa biashara yote ya nyoka wa rangi tunayoiona leo.

Mwaka 2015 watafiti waliripoti kwamba ualbino wa nyoka wa mahindi umeunganishwa na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2. Jeni ya jina hilohilo wanayo binadamu, na mabadiliko yake ndiyo chanzo cha aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara. Linatajwa hapa kwa sababu moja. Bado zipo familia zinazolaumu mama au kutafuta mkosi mtoto mwenye ualbino anapozaliwa, ilhali mtoto huyo amepokea nakala moja kwa baba na moja kwa mama, wote wawili wakiwa na ngozi nyeusi na bila kujua kwamba wanaibeba.

Hesabu inayowafaa hata wanafunzi

Walimu wa baiolojia wa sekondari wanaweza kuitumia sehemu hii darasani, maana nyoka hufundisha kanuni za Mendel vizuri kuliko mfano wa njegere ambazo wanafunzi wengi hawajawahi kuziona zikichanua.

Tuite nakala ya kawaida ya jeni ya weusi W, na nakala yenye hitilafu w. Nakala W ni tawala: ikiwapo hata moja, nyoka hutengeneza rangi nyeusi. Nakala w ni fiche: haionekani mpaka ziwe mbili. Kwa hiyo nyoka wa WW ni wa kawaida, wa Ww naye ni wa kawaida kwa macho lakini amebeba ualbino, na wa ww ni albino.

Albino akizaa na nyoka wa WW, watoto wote huwa Ww. Ndicho alichokiona Bechtel mara ya kwanza. Wabebaji wawili wa Ww wakizaa pamoja, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa albino, mbili kati ya nne za kuwa mbebaji, na moja kati ya nne ya kuwa safi bila kubeba chochote.

Hapo ndipo ulaghai unapopata mlango. Tuseme wabebaji wawili wamezaa. Ondoa maalbino, maana wanajulikana kwa macho. Waliobaki wote wanafanana, lakini wawili kati ya kila watatu ni wabebaji na mmoja si mbebaji. Mfugaji mwaminifu humwambia mnunuzi kwamba nyoka huyu ana nafasi ya asilimia 66 ya kubeba ualbino, na humuuzia kwa bei ya nafasi hiyo. Asiye mwaminifu husema kwa kinywa kikavu kwamba ni mbebaji. Mnunuzi atagundua baada ya miaka mitatu, nyoka akishakomaa na kuzaa.

Ipo njia ya kupima. Nyoka anayeshukiwa huzalishwa na albino. Akizaliwa mtoto albino hata mmoja, ushahidi umekamilika: ni mbebaji. Mzazi akiwa kweli ni mbebaji, uwezekano kwamba watoto kumi watazaliwa wote wa kawaida, bahati tu ikiwa imewaficha maalbino, ni mara moja katika 1,024. Hakuna picha wala cheti kinachoshinda jaribio hilo.

Nyoka mweupe wa theluji anahitaji hesabu mbili kwa wakati mmoja. Lazima awe na nakala mbili za kukosa weusi na pia nakala mbili za kukosa machungwa. Wazazi wakiwa wabebaji wa vyote viwili, kati ya kila watoto 16 hutarajiwa tisa wa kawaida, watatu albino, watatu wasio na machungwa, na mmoja mweupe. Neno hutarajiwa lizingatiwe. Kila mtoto ni kura mpya, kama kurusha sarafu. Hata uzao wa watoto 16 kamili unaweza kukosa mweupe kabisa, na hesabu inaonyesha kuwa hilo hutokea zaidi kidogo ya mara moja katika kila mara tatu. Mfugaji hukaa miaka akisubiri nyoka mmoja, na pengine asimpate.

Sasa swali la kijana wa Maungu linajibika. Nyoka anayeokotwa kando ya barabara, kwa kila uwezekano, ni wa kawaida. Wafugaji wa ng'ambo hawana shida ya nyoka wa kawaida, wanao tele waliozaliwa vizimbani. Kinacholipiwa ni ukoo unaojulikana: baba nani, mama nani, bibi alikuwa na rangi gani. Nyoka aliyetiwa guniani hana kumbukumbu hizo.

Na hata rangi adimu haibaki adimu. Mfano ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, anayekamatwa na kufugwa kwa wingi Ghana, Togo na Benin kwa ajili ya soko la nje, na ambaye porini anafika mpaka Uganda. Mfugaji wa Marekani Bob Clark alipozalisha albino wake mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyoka mmoja wa rangi hiyo aliuzwa kwa maelfu ya dola. Kila aliyenunua alizalisha, watoto wakazalisha, na leo albino yuleyule ni miongoni mwa nyoka wa bei nafuu katika maonyesho ya huko. Wafugaji walilazimika kukimbilia mchanganyiko wa jeni mbili, kisha tatu, kisha nne. Anayeingia mwisho katika mbio hizo hununua kwa bei ya juu na kuuza kwa bei ya chini, kama ilivyowatokea wakulima wengi wa hapa nchini waliofuata ufugaji wa kware mwaka 2014.

Uzazi wenyewe

Boa wa mchangani hatagi mayai yanayoonekana. Huzaa watoto hai, kwa kawaida kati ya wanne na ishirini, kila mmoja akiwa na urefu wa kalamu na akijitegemea tangu saa ya kwanza. Jike ni mkubwa kuliko dume kwa mbali. Jike huweza kufika sentimita 60 hadi 80, ilhali dume mara nyingi haendi mbali zaidi ya sentimita 40. Dume ana mkia mrefu kidogo na vikucha viwili vidogo karibu na tundu la uchafu, mabaki ya miguu ya mababu wa nyoka.

Vizimbani huwekewa mchanga au vipande laini vya mbao vya kujifukia, upande mmoja ukiwa na joto la takriban nyuzi 32 hadi 35 na upande wa pili ukiwa na ubaridi zaidi, ili nyoka achague mwenyewe. Kabla ya msimu wa kupandana hupunguziwa joto kwa wiki kadhaa. Mimba huchukua miezi minne hadi sita. Jike aliyezaa huwa amekonda, na mfugaji mwenye busara humpumzisha mwaka mzima. Anayemlazimisha kila mwaka humpoteza mapema.

Chakula ni panya. Kwa mkulima wa mtama au pojo, kila boa aliye shambani ni mlinzi asiyelipwa, na haombi zizi wala dawa.

Rangi inapomtesa nyoka

Si kila rangi nzuri ni ya heri kwa mwenye nayo. Katika chatu yule wa Afrika Magharibi ipo aina iitwayo buibui, yenye mistari myembamba meusi kama utando juu ya rangi ya dhahabu. Ilianza kuzalishwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 na ilipendwa mno. Jeni inayoleta utando huo huleta pia hitilafu ya usawa: nyoka hutikisa kichwa, hukipindua juu chini, na anapomrukia panya hukosa shabaha. Wengine huathirika kidogo, wengine vibaya, lakini wote wanayo kwa kiasi. Haiwezekani kuitoa kasoro na kuubakiza utando, kwa sababu vyote viwili vinatoka katika jeni moja.

Wafugaji wamegawanyika. Wapo walioacha kabisa, na wapo wanaosema kwamba nyoka anakula na anaishi miaka mingi, basi hana shida. Hoja ya pili ni dhaifu. Nyoka hawezi kulia wala kuchechemea, na kula pekee si kipimo cha kuwa salama. Picha ndizo zilizosaidia kuificha kasoro hiyo miaka mingi: nyoka aliyejikunja na kutulia kwa sekunde moja haonekani kuwa na tatizo lolote.

Kupiga picha ya kweli

Kwa mfugaji, picha ni hati. Humwonyesha mnunuzi anachonunua, na humsaidia mfugaji mwenyewe kukumbuka nyoka alivyokuwa siku ya kuzaliwa na alivyobadilika, maana rangi za nyoka wengi hugeuka wakikua. Kwa mkazi wa kaunti asiye na kizimba, picha ni njia ya kumpata nyoka bila kumgusa. Mbinu zinafanana, na simu ya kawaida inatosha.

Mwanga ndio kazi yote. Jua la saa sita humfanya nyoka ang'ae kama bati na rangi hupotea. Mwanga mzuri ni wa asubuhi mapema, wa jioni, au wa kivulini siku ya mawingu. Ndani ya nyumba, meza iliyo karibu na dirisha lililofunikwa kwa pazia jeupe hutoa mwanga laini usio na vivuli vikali. Taa ya simu isiwashwe karibu na uso wa nyoka. Mbali na kuharibu rangi, macho ya albino hayana melanini ya kuyakinga na hayastahimili mwanga mkali.

Nyoka mweupe huidanganya simu. Inapoona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaipunguza picha mpaka nyoka akawa wa kijivu. Akiwa mweupe juu ya kitambaa cheusi, hutokea kinyume: simu huongeza mwanga, magamba yakaungua na kuwa doa tupu. Dawa ni kugusa kioo mahali alipo nyoka, kisha kuteleza kidole juu au chini kurekebisha mwanga mpaka magamba yahesabike. Mandhari ya nyuma iwe ya rangi tulivu, kama mchanga, gome la mti au karatasi ya kijivu. Kitambaa chekundu hurusha wekundu wake kwenye tumbo la nyoka, na mtazamaji atadhani ni rangi ya ngozi.

Anayetaka rangi iaminike huweka kipande cha karatasi nyeupe kwenye ukingo wa picha ya kwanza. Karatasi ikitokea na rangi ya njano au bluu, basi na nyoka amedanganywa vivyo hivyo. Kuongeza ukali wa rangi kwa programu za simu ni sawa katika picha ya kupamba ukuta. Katika picha ya kuuzia ni udanganyifu, na ndiyo malalamiko ya wanunuzi wengi: aliyetangazwa kuwa mwekundu kama pilipili amefika akiwa na rangi ya tofali.

Jicho lazima liwe kali, hata mengine yafifie. Mpiga picha ashushe simu mpaka usawa wa kichwa cha nyoka badala ya kumpiga kutoka juu. Siku bora ni zile chache baada ya kujivua ngozi, rangi zinapokuwa mpya. Kabla ya kujivua, macho hugeuka ya bluu ya ukungu na nyoka haoni vizuri; siku hizo aachwe. Aachwe pia kwa siku mbili baada ya kula, la sivyo atatapika.

Ili nyoka wa kufugwa atulie, wapigapicha wazoefu humfunika kwa bakuli kwa dakika chache. Akiwa gizani hujikunja mwenyewe, na bakuli likiinuliwa taratibu hubaki hivyo kwa muda wa kutosha picha kadhaa. Wapo wanaomtia nyoka kwenye friji ili apoe na kulegea. Huo ni ukatili, na humwacha nyoka asiweze kujikinga wala kumeng'enya chakula. Picha ya namna hiyo wajuzi huitambua: nyoka amelala kama kamba, ulimi hautoki.

Kwa nyoka wa porini kanuni ni fupi. Usimshike, usimgeuze kwa fimbo, usimwondoe alipo, na usimkaribie hata kama una hakika ni boa. Moma ana kichwa kipana chenye umbo la pembetatu, shingo nyembamba, magamba makavu yenye kukwaruza na alama za umbo la V mgongoni. Boa ana kichwa kisichotofautiana na shingo, magamba laini yanayong'aa na mabaka yasiyo na mpangilio. Tofauti hizo zinaonekana wazi kwenye karatasi. Usiku, katika mwanga wa tochi, huku nyoka amejifukia nusu mchangani, wameshakosea hata waliozoea. Rangi nayo isitegemewe, kwa kuwa nyoka yeyote, mwenye sumu au asiye nayo, anaweza kuzaliwa albino. Simama mbali, vuta picha kwa lenzi, kisha ondoka.

Kabla ya kuituma picha ya nyoka wa porini, zima kipengele cha mahali katika kamera ya simu. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa, na wakamataji wa wanyama husoma maandishi hayo.

Sheria inasemaje

Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, nyoka ni mnyamapori kama tembo alivyo mnyamapori. Kumkamata, kumweka nyumbani, kumzalisha, kumuuza au kumsafirisha bila kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS, ni kosa linaloadhibiwa kwa faini au kifungo. Kwamba alipatikana shambani mwako, au kwamba ulimpenda na kumlisha vizuri, hakukuondolei kosa. Boa wa mchangani yumo pia katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo hawezi kuvuka mpaka kihalali bila hati, awe ametoka Kenya au anaingia Kenya. Kifurushi chenye nyoka kinachopitishwa kimyakimya kwa basi au kwa ndege humfunga mtumaji pamoja na mbebaji.

Anayetaka kufuga nyoka kwa mafunzo, utalii au uzalishaji anaweza kuomba leseni. KWS hukagua mahali, vizimba na usalama wa majirani kabla ya kukubali, na mwenye leseni hutakiwa kutunza kumbukumbu za kila nyoka. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya mkuu wa KWS wa kaunti. Haifai kununua vizimba kwanza na kuomba baadaye.

Ukali huu una sababu zinazojulikana. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka nyanda za juu za Kenya walipelekwa Hawaii kuuzwa kama wanyama wa nyumbani. Baadhi walitoroka, wakazaana, na leo wamekuwa wakazi wa visiwa hivyo ambako wanakula konokono na wadudu wasiopatikana kwingine duniani. Huko Florida, chatu wakubwa wa Asia waliotoroka au kuachiliwa na wafugaji wamewamaliza wanyama wengi wadogo katika kinamasi cha Everglades. Nyoka wa rangi aliyeletwa hapa kutoka ng'ambo na kutoroka anaweza kufanya hivyo hivyo, au kuleta maradhi kwa nyoka wa kwetu.

Anayetaka kuwatazama na kuwapiga picha nyoka kihalali anayo mahali pa kwenda. Bustani ya nyoka iliyo kando ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi imekuwa ikipokea wanafunzi tangu miaka ya 1960. Watamu katika Kaunti ya Kilifi kuna shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa 1980 na James Ashe, ambako wageni huonyeshwa aina za pwani na kufundishwa kuhusu kuumwa na nyoka. Ndani ya Tsavo, picha za kumbukumbu zako mwenyewe hazina tatizo, lakini filamu za biashara zinahitaji kibali cha KWS.

Nyoka akiingia nyumbani, watoto na mifugo watolewe, mtu mmoja abaki akimwangalia kwa mbali asipotee, na KWS waitwe. Mtu akiumwa, atulizwe na kiungo kilichoumwa kisitikiswe; pete na bangili zivuliwe mapema kabla ya uvimbe. Asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana, asinyonywe jeraha, wala asipakwe dawa ya mitishamba. Apelekwe hospitali mara moja. Picha ya nyoka ikiwa tayari ipo katika simu ya mtu, aonyeshwe daktari. Ikiwa haipo, asirudi mtu yeyote kuitafuta.